Si Kila Mtawala ni Mfalme: Asili na Maana za Vyeo vya Watawala katika Kiswahili

Ikisiri

Kiswahili kina hazina kubwa ya maneno yanayotaja watawala: mfalme, sultani, malkia, mwinyi, mtemi, kabaka, kaisari na mengineyo. Mara nyingi maneno haya hutumiwa kana kwamba ni visawe. Makala haya yanachunguza asili na maana za baadhi ya vyeo hivyo na kuonyesha kwamba kila kimoja kinabeba wazo lake kuhusu chimbuko la mamlaka. Aidha, yanaonyesha kuwa kubadilisha cheo katika tafsiri ni kubadilisha hadhi ya mwenye cheo, na kwamba historia ya Afrika Mashariki ina mifano ya jambo hili kutendwa kwa makusudi.

1. Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili anapoandika insha ya historia, huenda akasema kwamba Mirambo alikuwa mfalme wa Wanyamwezi, Mutesa mfalme wa Baganda, Seyyid Said mfalme wa Unguja na Firauni mfalme wa Misri. Sentensi hizi hazina kosa la kisarufi, na ni nadra mwalimu kuzitilia alama ya kosa. Hata hivyo, hakuna hata mmoja kati ya watawala hao wanne aliyeitwa mfalme na watu wake. Wa kwanza alikuwa mtemi, wa pili kabaka, wa tatu sayyid, na wa nne alitajwa kwa neno ambalo kwa asili lilimaanisha nyumba.

Wanaisimu hueleza kwamba maneno ya lugha moja yanayoelekea kuwa na maana sawa ni nadra sana kulingana katika kila muktadha. Kauli hii hudhihirika zaidi katika vyeo, kwa sababu cheo hakitaji mtu tu, bali hueleza pia kwa nini mtu huyo atiiwe. Kuna anayetiiwa kwa kuwa ni mwenye nchi, anayetiiwa kwa kuwa ana nguvu ya kuamuru, anayetiiwa kwa kuwa ndiye akataye mashauri, na kuna anayetiiwa kwa kuwa amerithi jina la mtu mashuhuri. Tofauti hizo ndizo zinazojadiliwa hapa.

2. Mfalme: neno kongwe lenye masharti

Mfalme ni nomino ya ngeli ya A-WA, na kutokana nayo hupatikana nomino dhahania ufalme. Katika lahaja za kaskazini na katika ushairi wa kale neno hili hujitokeza kama mfaume, umbo ambalo limesalia pia kama jina la watu. Tofauti na sultani na malkia, neno hili halina chanzo cha Kiarabu. Lilikuwa na mizizi katika lugha tangu kale, na ndiyo sababu likawa mwavuli wa vyeo vingine vyote.

Ushahidi wa kale unaohusishwa na neno hili unapatikana katika maandishi ya Al-Masudi, msafiri na mwanahistoria wa Kiarabu wa karne ya 10, aliyefika katika pwani ya Afrika Mashariki. Al-Masudi aliandika kwamba watawala wa Wazanji walikuwa na cheo ambacho katika nakala za kitabu chake husomwa waqlimi, na akakifasiri kuwa ni mwana wa bwana mkuu. Wataalamu kadhaa wamependekeza kuwa neno hilo ni wafalme. Pendekezo hili lina msingi wa kimaandishi: katika hati ya Kiarabu, herufi za f na q hutofautiana hasa kwa idadi ya nukta, na mnakili angeweza kwa wepesi kuandika moja mahali pa nyingine. Hata hivyo, umbo wafalme ni la wingi, ilhali fasiri ya Al-Masudi ni ya umoja, na maana aliyoitoa hailingani moja kwa moja na neno lenyewe. Kwa hiyo mwanafunzi anapaswa kulichukulia pendekezo hili kuwa la busara, bali si jambo lililokwisha kuthibitishwa.

Lililo muhimu zaidi ni maelezo yanayofuata cheo hicho. Al-Masudi anasimulia kwamba mtawala alichaguliwa ili atawale kwa haki. Alipodhulumu, watu wake walimwua na kukiondoa kizazi chake katika urithi, wakidai kuwa kwa kudhulumu amekoma kuwa mwana wa Bwana wa mbingu na ardhi. Kwa maneno mengine, cheo chenyewe kilikuwa na sharti. Mwenye kuvunja sharti alipoteza jina kwanza, kisha kiti. Mtu hakuondolewa kwa sababu ni mfalme mbaya. Aliondolewa kwa sababu si mfalme tena.

3. Watawala wenye kumiliki: mwinyi na malkia

Kundi la pili ni la vyeo vinavyotokana na dhana ya umiliki. Kisiwani Unguja, kabla ya utawala wa Mabusaidi kushika mizizi, wenyeji walikuwa na mtawala wao aliyeitwa Mwinyi Mkuu. Neno mwinyi ni ndugu wa mwenye, yaani aliye na kitu. Mwinyi Mkuu basi ni mwenye mji aliye mkubwa kuliko wenye miji wengine. Mwinyi Mkuu wa mwisho aliyekuwa na nguvu, Muhammad bin Ahmad, aliyejenga kasri ya Dunga, alifariki mwaka 1865.

Mzizi huu haukuishia pwani. Mtawala wa Washambaa katika milima ya Usambara aliitwa Simba Mwene. Mtawala wa Kongo aliitwa Mwene Kongo, cheo ambacho Wareno walikiandika Manikongo. Kusini, katika nyanda za Zimbabwe, palikuwa na Mwene Mutapa, ambaye Wareno hao hao walimgeuza kuwa Monomotapa. Anayelijua neno mwenye katika Kiswahili anaona mara moja kwamba majina hayo, yanayoonekana kuwa mbalimbali katika vitabu vya historia, ni cheo kimoja cha Kibantu kilichoenea kutoka Bahari ya Hindi hadi Atlantiki. Huu ni ushahidi wa thamani ambao tafsiri ya mfalme huufuta kabisa.

Dhana hiyo hiyo ya umiliki inapatikana katika mzizi wa Kiarabu m-l-k. Kutokana nao Kiswahili kimepata miliki, milki, malkia na mamlaka. Inafaa kutambua kwamba maneno haya yamebadilika maana kwa namna tofauti. Katika Kiarabu, mamlaka ni ufalme, yaani nchi inayotawaliwa na mfalme. Katika Kiswahili maana imehama kutoka kwenye nchi hadi kwenye uwezo wa kuamua, na leo hata chombo kinachosimamia bandari au kodi huitwa mamlaka. Tahadhari pia inahitajika: neno malaika, ijapokuwa linafanana na malkia kwa sauti, lina mzizi mwingine unaohusu kutumwa na ujumbe. Mfanano wa sauti si ushahidi wa undugu wa maneno.

Malkia lina historia ya kipekee. Kiarabu kina jozi ya malik kwa mwanamume na malika kwa mwanamke. Kiswahili kilichukua umbo la kike kuwa nomino ya kawaida, lakini umbo la kiume likabaki katika msamiati wa dini na katika majina ya watu. Inaelekea sababu ni kwamba nafasi ya umbo la kiume ilikuwa imekwisha kushikwa na mfalme. Matokeo ni kuwa mfalme, neno ambalo kisarufi halibagui jinsia kama ilivyo kawaida ya ngeli ya A-WA, lilibanwa likamhusu mwanamume pekee. Hata hivyo, pwani ilikuwa na watawala wanawake, miongoni mwao Mwana Mwema wa Unguja katika karne ya 17 na Mwana Khadija wa Pate katika karne ya 18. Hawa hukumbukwa kwa jina la heshima la Mwana, na kuwaita malkia bila maelezo kunaweza kumfanya msomaji adhani walikuwa wake wa wafalme.

Utata huo umo katika matumizi ya sasa. Elizabeth wa Pili, aliyerithi kiti akiwa ziarani nchini Kenya tarehe 6 Februari 1952, alikuwa malkia kwa maana ya mtawala. Kuanzia tarehe 12 Desemba 1963 hadi 12 Desemba 1964, Kenya ilipokuwa huru lakini bado haijawa jamhuri, alikuwa pia Malkia wa Kenya. Alipofariki mwaka 2022, mwanawe Charles wa Tatu akawa mfalme, na Camilla, mke wa Charles, naye akaitwa malkia. Neno ni moja, vyeo ni viwili. Mfasiri makini atatofautisha malkia mtawala na malkia mke wa mfalme kila muktadha unapotatanisha.

4. Watawala wenye kuamuru: sultani, amiri, imamu na sayyid

Sultani limetokana na neno la Kiarabu ambalo kwa asili halikumtaja mtu. Lilimaanisha nguvu au mamlaka yenyewe, na baadaye likahamia kwa mwenye nguvu hizo. Kwa hiyo sultani hatambulishwi na kile anachomiliki wala na ukoo wake, bali na uwezo wake wa kutiiwa. Amiri nalo limetokana na mzizi wa kuamrisha, na ni ndugu wa amri na amuru. Ndiyo maana katika Kiswahili cha leo neno hili limebaki zaidi jeshini, katika cheo cha amiri jeshi mkuu.

Ibn Battuta, aliyezuru pwani mwaka 1331, anatoa mfano mzuri wa mtu aliyesikiliza vyeo kwa makini. Akiwa Mogadishu aliandika kwamba sultani wa mji huo, wenyeji humwita sheikh. Alitumia neno ambalo wasomaji wake wangelielewa, lakini hakulificha neno la wenyeji. Karne karibu saba baadaye, kanuni hiyo ingali inafaa kwa mfasiri.

Historia ya Mabusaidi inaonyesha jinsi ukoo mmoja unavyoweza kupitia vyeo vitatu. Mwasisi wake, Ahmad bin Said, alikuwa imamu wa Oman katika karne ya 18. Imamu ni anayetangulia mbele ya watu, na katika madhehebu ya Ibadhi alitarajiwa kuchaguliwa kwa sifa za dini na elimu. Vizazi vilivyofuata vilitawala bila uchaguzi huo, na watawala wakajulikana kwa cheo cha sayyid, yaani bwana. Said bin Sultan, aliyefanya Unguja kuwa makao yake na kufariki mwaka 1856, alijulikana kwa cheo hicho. Cheo cha sultani kilizoeleka zaidi baadaye, hasa katika uhusiano na mataifa ya kigeni. Mabadiliko hayo si ya mtindo wa maneno tu. Imamu anaweza kuhojiwa na wanazuoni waliomchagua. Sultani anajibu kwa nguvu zake. Usultani wa Zanzibar uliangushwa tarehe 12 Januari 1964.

Wanafunzi wengi hukosea hapa kwa kudhani kuwa Said bin Sultan maana yake ni Said mwana wa mtawala. Sultan lilikuwa jina la baba yake, Sultan bin Ahmad. Jina la mtu na jina la cheo yanaweza kufanana bila kuwa kitu kimoja.

Inafaa kutaja pia neno liwali, linalotokana na al-wali la Kiarabu. Kiswahili kilipolitohoa kililichukua pamoja na kiambishi chake cha Kiarabu, kikaacha irabu ya mwanzo. Liwali hakuwa mfalme bali mwakilishi wa mtawala aliye mbali, kama maliwali wa Mombasa walivyomwakilisha Sultani wa Zanzibar.

5. Jina la mtu na jina la nyumba: Kaisari na Firauni

Baadhi ya vyeo havikuanza kama vyeo. Kaisari lilikuwa jina la ukoo la Julius Caesar, aliyeuawa Roma mwaka 44 kabla ya Kristo. Warithi wake walilichukua jina hilo, likageuka cheo. Wajerumani walilifanya Kaiser, na Warusi Tsar. Kiswahili kililipata katika tafsiri za Biblia kama Kaisari, na watu wa Tanganyika wakamjua Kaisari mwingine wakati wa utawala wa Wajerumani.

Tafsiri ya Julius Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare, Juliasi Kaizari, iliyotolewa mwaka 1969, humpa mwanafunzi nafasi ya kuliona neno hili kabla halijawa cheo. Katika tamthilia hiyo mhusika anatunukiwa taji mara tatu na kulikataa, kwa kuwa Warumi walichukia neno mfalme. Kinaya ni kwamba jina la mtu aliyekataa kuitwa mfalme ndilo lililokuja kuwa kubwa kuliko ufalme wenyewe.

Firauni, au Farao kwa wasomaji wa Biblia, limetokana na maneno ya Kimisri yaliyomaanisha nyumba kubwa, yaani kasri. Baadaye neno hilo lilimtaja mwenye kukaa ndani yake. Utaratibu huu si mgeni kwa Mswahili. Neno ikulu, ambalo lina mzizi -kulu wenye maana ya ukubwa katika lugha nyingi za Kibantu, hutaja makao ya rais, lakini vyombo vya habari vinaposema kwamba Ikulu imetangaza jambo, haimaanishwi kuta na madirisha. Kwa upande mwingine, Firauni limepata hali ya kushuka kwa maana. Kutokana na masimulizi ya dini, leo mtu akiitwa firauni huwa ametukanwa. Cheo kilichotukuzwa kuliko vyote katika bonde la Nile kimegeuka tusi katika barabara za pwani.

6. Vyeo vya bara na kushushwa kwa hadhi

Katika bara, watawala wa Wanyamwezi na Wasukuma waliitwa watemi. Cheo hiki huhusishwa na kitenzi kutema kwa maana ya kukata. Wapo wanaoeleza kuwa mtemi ni aliyetangulia kukata msitu na kuanzisha makazi, na wapo wanaosema ni mwenye kukata mashauri. Maelezo yote mawili yanamfanya mtawala kuwa mtu wa kazi. Katika Rwanda na Burundi palikuwa na mwami, kwa Wachaga mangi, kwa Wahehe mtwa, na kwa Wawanga wa magharibi mwa Kenya nabongo. Kwa Wanyoro mtawala ni omukama. Neno la asili hiyo hiyo katika Luganda, Mukama, hutumiwa kumtaja Mungu, ingawa mtawala wa Baganda wenyewe huitwa kabaka.

Utawala wa kikoloni ulipoingia, utajiri huu ulikabiliwa na neno moja: chifu. Halikuwa kosa la tafsiri tu. Katika milki ya Waingereza mfalme alikuwa mmoja, naye alikuwa London. Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 ulielekeza jinsi Kabaka atakavyoitwa kwa heshima, na daraja la heshima alilopewa lilikuwa lile walilopewa watawala walio chini ya ulinzi wa Uingereza, si lile la mfalme anayejitegemea. Kabaka alibakia na jina lake la Kiganda, lakini katika lugha ya mkataba aliteremshwa ngazi moja bila ya kuondoka kitini.

Nabongo Mumia wa Wanga alifanywa na Waingereza kuwa chifu mkuu mwaka 1909. Machoni pa wengi hii ilikuwa heshima, kwa kuwa alipewa mamlaka juu ya watu ambao hawakuwahi kuwa chini yake. Kwa upande wa maana, hata hivyo, nabongo ni mtawala kwa urithi wa kiti cha mababu, ilhali chifu ni mtumishi anayeteuliwa na anayeweza kufutwa. Mahali pengine nchini Kenya machifu waliteuliwa miongoni mwa jamii ambazo hazikuwa na mtawala mmoja, zilizojiongoza kwa mabaraza ya wazee. Hivyo neno moja liliwashusha waliokuwa juu na kuwapandisha wasiokuwa na kiti. Hadi leo chifu nchini Kenya ni afisa wa utawala wa serikali.

Pwani ya Mrima neno jumbe lilipitia njia kama hiyo. Majumbe walikuwa wakuu wa miji yao, lakini Wajerumani walilitumia neno hilo kwa viongozi wa vijiji waliowekwa chini ya maakida. Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka. Majumbe hawakushuka wenyewe, ngazi iliondolewa chini yao.

Baada ya uhuru, vyeo hivi vilikuwa na hatima mbalimbali. Tanganyika ilifuta utawala wa machifu kisheria mwaka 1963. Uganda ilifuta falme mwaka 1967 na kuzirejesha kama taasisi za kitamaduni mwaka 1993, mwaka ambao Ronald Muwenda Mutebi wa Pili alitawazwa kuwa Kabaka. Ni jambo la kuzingatiwa kwamba Baganda hawakudai kurejeshewa mfalme. Walidai kurejeshewa Kabaka.

7. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba vyeo vya watawala katika Kiswahili vina vyanzo tofauti: umiliki, amri, uongozi wa dini, kazi, jina la mtu na jina la nyumba. Neno mfalme linafaa kuendelea kuwa mwavuli, kwa sababu msomaji anahitaji pa kuanzia. Lakini mwavuli haupaswi kuficha walio chini yake. Mwandishi na mfasiri wanaweza kukitaja cheo cha wenyeji kwanza na kukieleza mara moja, kisha kuendelea nacho: Mirambo, mtemi wa Wanyamwezi; Mumia, nabongo wa Wanga; Said, sayyid wa Oman na Unguja. Watungaji wa kamusi nao wanaweza kuvifafanua vyeo hivi kwa kutaja jamii inayohusika na msingi wa mamlaka yake, badala ya kutosheka na fasili ya neno moja.

Wazanji wa Al-Masudi walifahamu kuwa jina la mtawala ni ahadi, na kwamba aliyeivunja ahadi hawezi kubaki na jina. Wakoloni nao walifahamu kuwa anayebadilisha jina hubadilisha kiti. Mwanafunzi wa Kiswahili, ambaye kazi yake ni maneno, hana udhuru wa kuyajua machache kuliko wao.